Jiko la kusimama lenye oveni kwa nyumba ya watu wengi: 50, 60 au 90, gesi tupu au gesi na umeme?

Jiko langu la kwanza lenye oveni nililinunua Kariakoo mwaka 2014. Lilikuwa la sentimita 50 kwa 50, vichomeo vinne vya gesi juu na oveni ya gesi chini. Tulikuwa mimi, mume wangu na mtoto mmoja, likatutosha kabisa. Baada ya miaka mitatu watoto wakawa watatu, mama mkwe akahamia kwetu, na Jumapili moja tukapata wageni kumi na mmoja. Wifi yangu akabandika sufuria kubwa, kilo tatu za unga, akaanza kusonga ugali. Wifi husonga kwa mikono miwili na mwili mzima. Kila alipogeuza mwiko, jiko lilisogea kidogo. Nilipotupa jicho nyuma, lilikuwa limeachana na ukuta shubiri nzima, na mpira wa gesi umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Nikakimbilia mtungi nikauzima. Ugali ule tuliumalizia uani kwenye mkaa.

Tangu siku ile, ndugu au jirani akiniuliza anunue jiko gani, sianzi na jina la kampuni. Namuuliza mambo manne: mnakula watu wangapi, sufuria yenu kubwa ina upana gani, umeme wenu unakatika mara ngapi, na je, mnaishi karibu na bahari? Majibu ya maswali hayo yanaondoa karibu nusu ya majiko yaliyopangwa dukani kabla hata hujauliza bei.

Upana: hapa ndipo wengi hukosea

Namba iliyoandikwa kwenye kartoni, 50 kwa 50, 50 kwa 55, 60 kwa 60 au 90 kwa 60, ni upana na kina kwa sentimita. Kimo cha mengi ni kama sentimita 85, ili jiko lilingane na kabati za jikoni.

La 50 lina vichomeo vinne, na la 60 lina vinne vilevile. Kwa sababu hiyo mnunuzi huona kama anaongeza hela kwa ajili ya bati tu. Lakini bandika sufuria uone. Kwenye la 50, sufuria ya wali wa watu wanane ikishakaa, ile ya mchuzi inasukumwa pembeni, nusu iko motoni na nusu iko hewani. Vichomeo vinne vinakuwa viwili. Kabla hujatoka nyumbani, pima kwa futi kamba upana wa sufuria mbili unazozitumia kwa pamoja kila siku. Chukua nusu ya upana wa moja, jumlisha na nusu ya upana wa nyingine. Ukifika dukani, pima kutoka katikati ya kichomeo kimoja hadi katikati ya kingine. Hesabu yako ya nyumbani ikizidi kipimo cha dukani, sufuria hizo hazitakaa pamoja, hata muuzaji akuambie nini.

Kuna na suala la uzito. Majiko mengi ya 50 ya bei nafuu ni mepesi, na sisi tunasonga. Anayekaanga mayai na kuchemsha tambi hahitaji jiko zito. Anayesonga ugali wa watu wanane kila jioni analihitaji. Jiko la 60 kwa kawaida lina mwili mzito zaidi na miguu iliyo mbali zaidi, kwa hiyo linatulia. Shika kona ya juu ya jiko dukani ulisukume kwa mkono mmoja kama unayesonga. Likiyumba pale kwenye vigae vya duka, kwako litatembea.

La 90 ni jiko zuri sana, lina vichomeo vitano, na cha katikati huwa na miduara mitatu ya moto yenye nguvu ya kilowati 3.3 hadi 3.8. Wapishi wa pilau la shughuli wanalipenda, na ndugu zetu walio Omani na Dubai wamelizoea majumbani kwao. Ila oveni yake ni pana mno. Ukitaka kuoka keki moja ya watoto unapasha moto tundu lote lile, na muda na nishati vinakwenda. Kama hupiki kwa biashara, wala nyumba yako siyo ile ambayo ukoo mzima hukutania kila Idi au kila Krismasi, hela ya kuongezea kutoka 60 kwenda 90 ni afadhali uiweke kwenye la 60 lenye chuma bora.

Kwa familia ya watu watano hadi tisa, basi, ni 60 kwa 60. La 50 linafaa watu wawili au watatu, au nyumba ya kupanga ambayo jikoni kwake hakuna nafasi ya zaidi ya hapo.

Gesi tupu, gesi na umeme, au umeme mtupu

Hapa nitakaa kidogo, maana maneno ya mitaani ni mengi na hesabu zinazopigwa ni chache.

Kichomeo kikubwa cha jiko la nyumbani kina nguvu ya karibu kilowati 3, na kikiwa kimefunguliwa chote kinakula takriban gramu 218 za gesi kwa saa. Cha kati kina karibu kilowati 1.75 na kinakula kama gramu 127. Kwa hiyo mtungi wa kilo 15 unaweza kuwasha kichomeo kikubwa pekee kwa saa 68 hivi, na cha kati saa 118. Fanya mtungi huo unaujaza kwa shilingi 58,000: saa moja ya kichomeo cha kati ni kama shilingi 490, ya kikubwa ni kama 840. (Walioko Kenya, ambako mtungi wa nyumbani ni wa kilo 13, wagawe bei yao kwa njia hiyohiyo.)

Sasa umeme. Kiwango cha kawaida cha majumbani cha TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, inafika kama 356. Pleti kubwa ya umeme, ile sahani ya chuma ya kubandikia sufuria, ya wati 1,500 ikiwaka saa nzima inakula uniti moja na nusu, yaani kama shilingi 534. Utaona kwamba kwa bei hizo pleti na kichomeo cha kati viko karibu sana. Anayekuambia umeme unafilisi, au gesi inafilisi, mwambie akuonyeshe hesabu yake. Kinachotofautisha ni mwendo: gesi inashika moto papo hapo na ukiizima imezima, wakati pleti inachukua dakika kadhaa kupata moto, na ukiizima inabaki na joto. Joto lile la kubaki mimi naliona faida kwa wali unaojikausha, au kwa maziwa ya kuweka vuguvugu.

Lakini pleti inataka sufuria yenye kitako bapa. Serikali ya Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na familia nyingi zinanunua jiko la aina hii kwa mara ya kwanza zikitoka kwenye mkaa. Sufuria zilizotoka kwenye mkaa mara nyingi zimebonyea. Kwenye gesi hilo si tatizo kubwa. Kwenye pleti, sufuria inagusa sehemu mbili tatu tu, pleti inawaka bure, na chakula hakiivi. Weka rula kwenye kitako cha sufuria. Ukiona mwanga unapita katikati, hiyo ni sufuria ya gesi.

Jiko la gesi tupu, vichomeo vinne na oveni ya gesi, ndilo rahisi kulitengeneza na ndilo lisilojali umeme ukikatika. Ubaya wake unauona siku mtungi unapoisha saa mbili usiku na maharage bado magumu. Kama una mitungi miwili, ubaya huo haupo.

Jiko la vichomeo vitatu na pleti moja ndilo ninalolitumia sasa. Umeme ukikatika napika kwa gesi, gesi ikiisha nina pa kumalizia. Pleti naihesabu kama tairi la spea. Haifai kuwa ndiyo sehemu yako kuu ya kupikia, na kama una jungu la presha la umeme kwa maharage na makande, unaweza hata usiihitaji kabisa: chukua vichomeo vinne vya gesi pamoja na oveni ya umeme, umepata nafasi zaidi na umepunguza kitu kimoja cha kuharibika. La vichomeo viwili na pleti mbili sijawahi kumshauri mtu mwenye watoto. Gesi ikiwa mbili tu, asubuhi ya chai, uji na chapati inakuwa foleni.

Umeme mtupu, pleti nne, unaweza kufika wati 8,000 ukijumlisha na oveni. Hiyo ni karibu ampea 35. Nyumba nyingi za kawaida hazikutandikwa waya wa mzigo huo, na umeme ukikatika umelala njaa. Kama unaishi mahali ambapo mtungi hauruhusiwi ndani ya jengo, sawa. Vinginevyo hapana.

Jambo la hatari ambalo wauzaji hawalisemi linahusu jiko la vitatu na moja lenye oveni ya umeme. Pleti ni wati 1,500, oveni inaweza kuwa 2,200, jumla 3,700, yaani ampea 16. Plagi yetu ya kawaida ya pini tatu ni ya ampea 13, inabeba kama wati 3,000. Jiko langu la pili lililetwa nyumbani likiwa limefungwa plagi hiyo na vijana wa dukani. Siku ya birthdei ya mwanangu nilikuwa naoka keki na pleti inachemsha maziwa, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipochomoa, pini moja ilitoka na kipande cha soketi kimeganda juu yake, cheusi, laini bado kama pipi. Fundi wa umeme akavuta waya wa peke yake kutoka kwenye breka, wa milimita za mraba 6, ukaishia kwenye swichi ya jiko ukutani, na athi, yaani waya wa ardhini, ikakaguliwa. Gharama hiyo iingize kwenye bei ya jiko tangu mwanzo.

Oveni

Ya gesi huchoma kutoka chini. Keki inaiva chini kwanza, juu inabaki nyeupe, na lazima ugeuze trei katikati ya safari. Nyingine za bei ya chini hazina thamostati ya kweli, yaani kidhibiti joto, zina namba tu za moto mkubwa na mdogo. Nyama na viazi vinatoka vizuri sana humo kwa sababu hewa yake ina unyevu, lakini mkate na keki vinataka mkono uliozoea. Angalia pia kama ukifunga mlango kwa kishindo moto unazimika. Jaribu hilo kwa jirani mwenye jiko kama hilo, maana dukani halijaunganishwa.

Ya umeme ina koili juu na chini na thamostati, na kwa anayeoka ni rahisi zaidi. Saa moja ya kuoka, ukihesabu kupasha moto na kule kuwaka na kuzima, hula kama uniti moja na robo. Koili ikikatika inabadilishwa bila shida, ni spea inayopatikana. Ukichagua ya umeme, chukua yenye swichi za kuzungusha na saa ya kukaza kwa mkono. Skrini za kugusa zinapendeza dukani, ila umeme wetu unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, kitu cha kwanza kufa ni ile saa ya kidijitali, na kwenye majiko mengine saa ikifa oveni nzima haiwaki. Feni ni nzuri kwa anayeoka trei mbili kwa pamoja. Mshikaki wa kuzunguka nimeuona kwenye majiko ya ndugu wengi, na karibu yote uko ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Mlango uwe na vioo viwili. Wa kioo kimoja unaunguza watoto. Ufungue hadi chini, kisha ubonyeze ukingo wake kwa kiganja kama unayeweka sufuria ya nyama juu yake. Bawaba zikicheza zikiwa mpya, mwaka wa tatu mlango utakuwa unafungwa kwa kukunjiwa kitambaa. Huo ndio ulikuwa mwisho wa jiko langu la kwanza.

Bati, chumvi na vyuma vya juu

Mtu wa Dodoma au Arusha anaweza kuisoma sehemu hii haraka. Mtu wa Dar, Tanga, Unguja, Mombasa au Lamu asome mara mbili.

Upepo wa bahari unaleta chumvi, na chumvi haihitaji mlango wazi ili iingie. Jiko langu la kwanza lilianza kuliwa chini, kwenye droo ya kuwekea trei, mahali ambapo sikuwa napafuta kwa sababu sikuwa napaona. Siku moja nilivuta droo, ukingo ukabaki mkononi mwangu kama gamba la mkate mkavu, na unga mwekundu ukamwagika sakafuni. Fundi aliyekuja akaligonga bati kwa kucha akasema, "Mama, hili limekwisha. Nikikaza skrubu hapa linapasuka pale."

Kuna aina tatu za mwili. Kuna bati lililopakwa rangi, mara nyingi rangi ya silva ambayo ukiwa mbali unadhani ni stenlesi. Kuna lililopigwa enameli, ile kauri ngumu inayong'aa kama sahani za zamani za bati. Na kuna stenlesi yenyewe. Rangi ya silva pwani haifiki mbali. Enameli ni nzuri sana mpaka siku inapopasuka kwa kudondoshewa mwiko wa chuma au mfuniko. Pale ilipobanduka ndipo kutu inapoanzia, kwa hiyo kagua kingo na matundu ya skrubu kabla ya kulipa. Stenlesi ndiyo bora, lakini nayo ina daraja. Wengi hubeba sumaku dukani wakiamini kwamba ikinasa basi jiko ni la bati la kawaida. Si hivyo. Stenlesi ya daraja la 430, inayotumika sana kwenye majiko, inanasa sumaku na bado ni stenlesi. Ya daraja la 304 hainasi au inanasa kidogo sana, na inastahimili chumvi zaidi. Sumaku itumie kwa maana hiyo: isiponasa, furahi, ikinasa, uliza kama ni 430 au ni rangi, kisha angalia ukingo wa ndani wa bati. Rangi huishia mahali, stenlesi haina mwisho.

Pwani ningelipia sehemu ya juu ya stenlesi hata kama pande ni za rangi, kwa sababu juu ndipo panapomwagikiwa maji ya chumvi kila siku.

Kuhusu vyuma vya kukalishia sufuria, mimi naviita mafiga. Kuna vya chuma kizito cha kusubu, na kuna vya nondo nyembamba zilizopigwa enameli. Nyanyua kimoja. Kikiwa chepesi kama kitundikio cha nguo, makande ya watu wanane yatakipinda, sufuria italala upande, na mafuta ya moto yatafuata. Kwenye mengi ya bei ya kati utakuta vya nondo. Chagua vyenye nondo nene na vilivyogawanywa viwili viwili, maana kimoja kikiharibika hununui vyote. Nenda dukani na sufuria yako ya kila siku, na mwiko. Iweke, izungushe. Wauzaji watakushangaa kwa dakika moja tu.

Kisha fungua vichomeo, ambavyo mafundi huviita bana. Kofia ya juu iwe nzito, imekaa bila kucheza. Vingi vizuri vimegongwa jina la SABAF, kampuni ya Italia inayowatengenezea vichomeo na valvu watengenezaji wengi wa majiko. Ukiliona jina hilo kwenye jiko lenye chapa usiyoijua, ni dalili njema, na tena spea zake ni rahisi kupata. Vichomeo vya bati jembamba lililokunjwa huliwa na kutu, matundu yanapanuka, na moto unakuwa wa njano unaopaka sufuria masizi.

La mwisho hapa ni kinga ya gesi: kile kijiti kidogo cha chuma kando ya kila kichomeo. Uji ukifurika ukazima moto, kijiti kinapoa na valvu inajifunga yenyewe. Utalitambua jiko lenye kinga hiyo kwa sababu unapowasha inabidi ubonyeze swichi sekunde chache kabla ya kuachia. Baadhi wanailalamikia kwamba inachelewesha. Mimi nina watoto na mama mkwe mwenye umri wa miaka 74 ambaye pua yake haisikii tena harufu ya gesi. Kwangu hili halina mjadala, na ukikosa kinga juu, basi angalau iwepo kwenye oveni.

La mtumba

La mtumba kutoka Ulaya linaweza kuwa na chuma kizito kuliko mapya mengi, ila mengi yaliandaliwa kwa gesi ya bomba, ambayo inatumia nozeli (vitundu vya kutolea gesi) zenye tundu kubwa na shinikizo la milibari 20. Ukiliunganisha na mtungi bila kubadili nozeli, moto unatoka mrefu, wa njano, na ni hatari. Nyuma ya jiko au ndani ya mlango kuna kibati cha maelezo: tafuta G30 au G31, ambazo ni gesi za mtungi, na milibari 28 hadi 30. Ukiona G20, ambayo ni gesi ya bomba, peke yake, uliza nozeli za kubadilisha kwanza. Yanayotoka Ghuba kwa kawaida hayana shida hiyo, na umeme wao na plagi zao vinafanana na vyetu. La kutoka Marekani usilete, hata ndugu akikupa bure: la gesi kule linatumia volti 120 kwa cheche za kuwashia, na upana wake wa sentimita 76 hauingii kwenye kabati zetu.

Jina la kampuni na spea

Kenya, Von, Mika na Ramtons yamejaa madukani, na ndiyo yanayofahamika zaidi na mafundi wa huko. Beko na Simfer ni ya Uturuki, na Elba na Bompani ya Italia. Ndani ya kampuni moja kuna jiko bora na jiko hafifu, kwa hiyo jina pekee halikuokoi. Swali langu kwa muuzaji ni moja: kioo cha mlango, thamostati na swichi za modeli hii ninazipata wapi? Akijibu kwa kutaja duka, piga simu hapo hapo, au pita ukaone. Akisema "zipo tu", jua hazipo. Fundi wako wa mtaani ni shahidi mzuri kuliko tangazo. Muulize majiko gani anayafungua mara kwa mara, na yapi hajapata spea zake.

Nilipohama kutoka 50 kwenda 60 niliongeza laki tatu. La kwanza lilidumu miaka mitano, mwaka wa mwisho likiwa la kuhangaikia. La pili nililichukua 2019: sehemu ya juu ya stenlesi, mafiga mazito, vitatu na moja, oveni ya umeme, swichi za kuzungusha. Mpaka sasa limebadilishwa swichi ya pleti mara moja na kijiti cha kinga cha kichomeo kikubwa mara moja. Pleti yenyewe ina ufa mwembamba kwa sababu ya maji ya maharage yaliyofurika ikiwa ya moto, na ninajua ndiyo itakayofuata. Kama ningenunua leo ningechukua la vichomeo vinne na oveni ya umeme, kwa kuwa jungu la presha limeichukua kazi ya pleti.

Siku linapoletwa

Usiwaache waliolileta waondoke kabla hujalisawazisha. Miguu inazungushwa; weka sahani ya maji katikati ya jiko uone yanaelekea wapi. Acha upenyo wa vidole viwili kila upande. Mpira wa gesi usipite nyuma ya oveni, na usome tarehe iliyochapwa juu yake, maana mpira una umri wake. Regulata iwe ya shinikizo dogo la majumbani, si ile ya kurekebisha ya majiko ya biashara. Mtungi usimame wima mahali penye hewa. Gesi yake ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, kwa hiyo usiufungie ndani ya kabati isiyo na matundu chini. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Likitoa mapovu, kaza, paka tena.

Mfuniko wa kioo, kama upo, usiufunge vichomeo vikiwa vya moto. Waambie watoto na msaidizi siku hiyohiyo.

Ndani ya oveni utakuta kifuko kidogo cha nailoni chenye nozeli za akiba na karatasi ya maelezo. Kwenye kartoni nyingi hutupwa pamoja na stairofomu. Changu nimekibandika kwa selotepu ndani ya mlango wa kabati, juu kidogo ya chupa ya mafuta, na fundi aliyekuja mwaka jana ndicho kitu cha kwanza alichokiomba.